Jengo la Muda ni Lipi?

Kathedrali haiitwi kathedrali kwa sababu ni kubwa. Wengi wetu hapa kambini tunaelewa hivyo, na si ajabu, maana zile tulizoziona nyumbani zilishinda kila jengo la mji, labda isipokuwa kiwanda cha bia. Lakini neno lenyewe ni kiti. Cathedra kwa Kilatini, na kabla yake kwa Kigiriki, ni kiti cha kukalia. Kanisa ambamo askofu ana kiti chake ndilo kathedrali, liwe na minara miwili ya mawe au liwe na nguzo za miti na nyasi juu. Kiti kikihamishwa, kathedrali imehama nacho. Kinachobaki nyuma ni kanisa, hata kama ndani yake unaweza kuegesha malori ishirini.

Sasa kama ni kiti tu, jamani, mawe yote yale ya nini?

Mji wa Köln, Ujerumani, walianza kujenga kathedrali yao mwaka 1248. Ikamalizika 1880. Piga hesabu mwenyewe: miaka 632. Katikati hapo kazi ilisimama karibu miaka mia tatu. Winchi ya mbao ikabaki juu ya mnara ambao haujaisha, na vizazi vikazaliwa na kufa vikiiona pale juu, pengine wakidhani ndivyo mnara unavyotakiwa kuwa. Fundi aliyechonga mawe ya kwanza alijua kabisa kwamba paa hataliona. Na mwanawe hataliona. Akaendelea kuchonga.

Watu wakisimulia habari hii husifu imani, au uvumilivu. Mimi naona kitu kingine ambacho hakitajwi, nacho ni uhakika wa kukaa. Huwezi kuanza kazi ya miaka mia sita kama huna hakika kwamba mjukuu wako atakuwa palepale, anaongea lugha ileile, anazikwa kwenye makaburi yaleyale. Kathedrali ya zamani, kabla haijawa sala, ni hati ya kiwanja. Inasema: sisi ni wa hapa, tutakuwa hapa, atakayekuja atatukuta. Ndiyo maana mkimbizi akiona picha yake kwenye kalenda ya parokia anapata wivu fulani ambao sidhani kama ni wa kuungama.

Karne ya 20 ilivunja hesabu hiyo mara mbili. Mara ya kwanza kwa zege na nondo, mara ya pili kwa mabomu.

Zege kwanza. Brazil waliamua kujenga mji mkuu mpya katikati ya nchi, mahali ambapo hapakuwa na mji, na Brasília ikazinduliwa mwaka 1960 baada ya miaka kama minne tu ya kazi. Kathedrali yake ilichorwa na Oscar Niemeyer, Mkomunisti, mtu ambaye hakuficha kwamba hamwamini Mungu. Akaondoa karibu kila kitu ambacho mtu angetegemea. Hakuna uso wa mbele wenye milango mitatu. Hakuna minara miwili. Kuna nguzo 16 za zege zilizopinda, zimesimama kwa duara, zinakutana na kufunguka tena juu kama mikono ya watu wanaoomba, au kama taji, kila mtu na macho yake. Kuingia unashuka kwanza kwenye njia ya chini yenye giza, halafu ghafla unatokea ndani ya mwanga, vioo pande zote. Huyo asiyeamini alielewa jambo fulani kuhusu kutoka gizani ambalo waumini wengi tunalihubiri bila kulijenga.

Lakini kinachonifurahisha zaidi Brasília si kathedrali, ni waliobeba zege. Waliitwa candangos. Wengi walitoka Kaskazini-Mashariki ya nchi, maskini, wakikimbia ukame, wakafika kwa malori na vifurushi vyao. Wakawekwa kwenye makazi ya mbao. Moja ya hayo liliitwa Cidade Livre, Mji Huru, lililoanzishwa 1956 kwa sharti kwamba mji mkuu ukishazinduliwa, mbao zote zitabomolewa na watu wataondoka. Majengo ya muda. Watu wa muda. Basi mji mkuu ukazinduliwa, na watu wakakataa kuondoka. Wakadai haki yao, na mwaka 1961 serikali ikalitambua eneo lile kisheria. Lipo mpaka leo, linaitwa Núcleo Bandeirante. Na kathedrali yenyewe, ile ya kudumu, ya zege? Ilikaa mifupa mitupu, nguzo bila vioo, ikabarikiwa 1970. Kwa miaka kumi kile cha muda kilikuwa na watu, maduka na watoto wanaokwenda shule, na kile cha kudumu kilikuwa na upepo. Nimewasomea habari hii vijana wa kwaya, wakacheka sana. Sikuhitaji kuwaeleza.

Liverpool, Uingereza, ni hadithi nyingine, na hii ina hema ndani yake. Wakatoliki wa mji ule kwa sehemu kubwa ni wajukuu wa Waayalandi waliovuka bahari wakikimbia njaa kuu ya miaka ya 1840, walipooza viazi shambani. Maskini wa bandarini. Wakataka kathedrali. Mwaka 1933 wakaanza kujenga moja iliyochorwa na Edwin Lutyens, yenye kuba ambalo lingekuwa pana kuliko lile la Mtakatifu Petro, Roma. Wajukuu wa wakimbizi wanataka kuipita Roma! Naielewa hamu hiyo mpaka kwenye mifupa. Aliyedharauliwa akipata nafasi ya kujenga, hujenga ili aliyemdharau aangalie juu. Vita vikaja, gharama ikapanda, kilichokamilika kikawa kanisa la chini ya ardhi tu. Paroko yeyote wa kwetu aliyeishia kwenye msingi ajue hayuko peke yake.

Wakatangaza shindano upya, na mchoro wa Frederick Gibberd ukashinda mwaka 1960. Likabarikiwa Mei 1967. Ni duara. Altare ipo katikati kabisa, watu wamekaa kuizunguka, na juu kuna kitu kama koni kubwa yenye taji la mwanga. Wenyeji wakalipa jina la utani, hema la Paddy, Paddy ikiwa ndilo jina la kumtania Mwayalandi. Watu walikimbia njaa, wakahifadhiwa vibaya, wakachanga senti miaka na miaka, na mwisho wa yote mji ukaangalia kathedrali yao ukaona hema. (Na kama hema lolote, lilivuja. Jimbo likampeleka msanifu mahakamani.)

Duara lile si mtindo tu. Kanisa refu la zamani lilimweka padre mbali, mara nyingi nyuma ya kizuizi cha mawe au mbao kilichochongwa vizuri, na watu nyuma huko wakisikia mwangwi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa 1962 hadi 1965, ulitaka waumini washiriki, wasiwe watazamaji. Baada ya hapo altare zikavutwa kutoka ukutani ili padre awaelekee watu. Kuna waliolia, na wapo wanaolia mpaka leo, wakisema fumbo limepotea, kanisa limekuwa ukumbi wa mkutano. Siwadharau. Lakini hebu jiulize, ukiwa umekaa miaka mingi kwenye foleni, ukiita namba yako, ukimwona afisa kupitia kidirisha chenye nondo, ungependa nyumba ya Mungu iwe na kidirisha pia? Umbo la jengo linasema nani anaruhusiwa kukaribia. Hilo ni jambo la haki kabla halijawa la uzuri, na ndugu msomaji Mwislamu, nadhani hata msikitini suala la nani anasimama wapi mnalijua vizuri kuliko mimi.

Sasa mabomu.

Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mji wa Coventry, Uingereza. Watu zaidi ya 500 walikufa. Kathedrali ya Mtakatifu Mikaeli, ya zama za kati, iliungua. Zikabaki kuta za nje na mnara. Asubuhi yake wakaamua watajenga tena. Fundi wa mawe, Jock Forbes, akaona maboriti mawili yaliyoungua yameangukiana kama msalaba, akayafunga pamoja hivyohivyo. Misumari ya zamani iliyodondoka kutoka kwenye paa ikafanywa msalaba pia. Na mkuu wa kathedrali, Richard Howard, akaagiza ukutani, nyuma ya altare iliyoungua, yaandikwe maneno mawili: Baba, samehe. Hakuandika "wasamehe". Hakusema nani.

Vita vilipoisha, shindano likafanywa, akashinda Basil Spence. Wengi walitegemea atasafisha gofu na kujenga juu yake, au atajenga upya kama ilivyokuwa. Yeye akaliacha gofu lisimame wazi bila paa, mvua inyeshe ndani, na akajenga kathedrali mpya ubavuni, kwa mawe ya rangi ileile ya wekundu, ikiungana na ile ya zamani kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake. Ikabarikiwa tarehe 25 Mei 1962. Ukisimama ndani na kugeuka nyuma, ukuta mzima ni kioo kilichochorwa malaika na watakatifu, na kupitia kwao unaliona gofu. Huwezi kuomba ukasahau. Huwezi pia kukaa gofuni, maana milango ya mpya iko palepale.

Mfano wa Coventry unasifiwa sana na unastahili, ila nina neno nao. Wale watu walikuwa bado wako Coventry. Gofu lilikuwa lao, kiwanja chao, ufunguo wao, na vita walishinda. Ni rahisi kidogo kuliacha gofu liwe kumbukumbu kama kila asubuhi unapita hapo ukienda kazini. Sisi gofu letu liko ng'ambo ya mpaka na hatujui nani analala ndani yake. Katekista wetu alitoka na daftari la ubatizo ndani ya mfuko wa mchele, mvua ikalinyeshea, kurasa nyingine majina yamekuwa wino wa buluu tu. Hilo ndilo gofu tunalomiliki. Na kuhusu "Baba, samehe", sitaki kuandika kwa haraka. Wapo humu kambini ambao waliwatambua kwa sura waliochoma. Mtu anayewahimiza kusamehe, huku yeye nyumba yake haijawahi hata kuvuja, anyamaze kwanza. Lakini lile neno kukosa "wao" linanisumbua, kwa njia nzuri. Howard angeandika "wao" mwaka ule wa mabomu, nani angemlaumu? Akaacha nafasi tupu, na katika nafasi hiyo Waingereza nao baadaye wakaingia, maana Februari 1945 ndege zao zilichoma Dresden. Kule kanisa la Frauenkirche (si kathedrali, lakini linafaa hapa) lilianguka likabaki rundo la mawe kwa miaka karibu hamsini, halafu likajengwa tena kwa kutumia mawe ya zamani popote yalipofaa, meusi kwa moto katikati ya mapya meupe, likabarikiwa 2005. Msalaba wa juu ya kuba ulitengenezwa na fundi Mwingereza, mtoto wa rubani aliyekuwemo kwenye ndege zile.

Basi ninafika penye mgogoro wenyewe, maana sikuamka tu asubuhi nikataka kuandika habari za Ulaya.

Kwenye zoni yetu tunabishana kuhusu kanisa. Tunasali chini ya turubai. Turubai limebadilishwa mara tatu, nguzo mara mbili, mchwa hawana dini. Kuna waliopendekeza tuchange tufyatue tofali za udongo, zisizochomwa, kwa kuwa kuchoma kunataka kuni na kuni ni ugomvi na wenyeji. Mzee mmoja akasimama akasema: "Tukijenga kwa tofali, tumekubali kuzikwa hapa." Pakawa kimya. Akasimama mama mmoja wa jumuiya ya pili akamjibu kwa heshima zote: "Baba, mtoto wangu alibatizwa chini ya hili turubai mkisema ni la muda. Leo ana ndevu."

Wote wawili wana haki, na hapo ndipo ugumu. Mzee anajua kwamba jengo ni hati. Akilijenga hapa anaogopa ameandika sahihi yake upande usio wake, na kwamba mtu fulani ofisini ataona ukuta ule na kusema, aa, hawa wameshatulia. Hofu hiyo si ujinga. Mama naye anajua kwamba "muda" ni neno linalotumiwa na mtu ambaye si yeye anayeishi ndani yake. Kambi nyingi za ukanda huu zina kanuni dhidi ya majengo ya kudumu. Kudumu ni miaka mingapi? Sijawahi kuona imeandikwa.

Yupo Mjapani anayeitwa Shigeru Ban, msanifu majengo, ambaye maisha yake yote amekuwa akiligeuza swali hili mkononi. Mwaka 1994 aliona picha za wakimbizi wa Rwanda wakitetemeka kwa baridi, akaenda Geneva mwenyewe kuongea na UNHCR. Tatizo la wakati ule wazee wetu wanalikumbuka: watu walipewa turubai bila nguzo, wakakata miti, msitu ukaisha. Zikaletwa nguzo za alumini. Watu wakaziuza, wakakata miti tena. Ban akapendekeza nguzo za karatasi ngumu, zile bomba za kadibodi zinazozungushiwa vitambaa dukani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mabanda hamsini ya majaribio yakajengwa kambini Byumba, Rwanda.

Mnaofanya kazi kwenye mashirika mnaisimulia hii ya alumini kama kichekesho. Sisi tunaisikia tofauti. Aliyeuza nguzo hakuwa mjinga wala mwizi. Alipewa kitu chenye bei katika maisha ambayo hana kitu kingine chenye bei, naye alikuwa na mtoto mgonjwa au kiu ya chumvi. Na karatasi ikachaguliwa, pamoja na sababu nyingine nzuri, kwa vile haina mnunuzi. Yaani fadhila ya nguzo ile ilikuwa kwamba mwenye kuipewa hawezi kuitumia kwa uamuzi wake. Sisemi Ban alikuwa na nia mbaya, hapana, yule ni mtu aliyepanda ndege kwa gharama zake wakati wengi walizima televisheni. Nasema tu jambo hilo lina mwiba.

Kwa sababu angalia karatasi ileile mahali pengine. Januari 1995 tetemeko lilipiga Kobe, Japani, likaua watu zaidi ya 6,000. Kanisa Katoliki la mtaa wa Takatori liliungua kwa moto uliofuata. Waumini wake wengi walikuwa wakimbizi wa Vietnam. Ban akaenda kumwambia padre: niwajengee kanisa la karatasi. Padre akamshangaa, tumetoka kuungua halafu unaniletea karatasi? Ban akaendelea kwenda kila Jumapili. Mwisho likajengwa na watu wa kujitolea zaidi ya 160 kwa wiki tano, bomba 58 za karatasi zimesimama kwa umbo la yai, na paa la turubai. Lilitakiwa kuwa la muda mfupi. Likakaa miaka kumi. Walipotaka kujenga jipya, hawakulitupa: lilifunguliwa, likapelekwa Taiwan, kwenye kijiji cha Taomi ambacho nacho kilipigwa na tetemeko la 1999, na likasimamishwa tena huko 2008. Ban husema kwamba jengo la zege lililojengwa ili kupata pesa tu ndilo la muda, na la karatasi watu wakilipenda linakuwa la kudumu. Mtu anaweza kusema hayo ni maneno ya msanifu anayeuza kazi yake. Lakini Taomi ipo.

Na ipo Christchurch, New Zealand. Tarehe 22 Februari 2011 tetemeko liliua watu 185 na kuvunja kathedrali ya Kianglikana ya mawe, iliyojengwa kati ya 1864 na 1904. Ban akachora nyingine bila malipo: bomba 98 za kadibodi zilizosimama kama herufi A, chini makontena manane ya chuma ya kusafirishia mizigo, juu plastiki ngumu inayopitisha mwanga, viti 700. Ikafunguliwa Agosti 2013, na kiti cha askofu kikaingia ndani. Ile ya mawe wakabishana miaka sita kama wabomoe au watengeneze. 2017 wakapiga kura kutengeneza. 2024 pesa zikakosekana, kazi ikasimamishwa. Kwa hiyo leo ya mawe imefungwa, na ya karatasi watu wanaoa na kuagwa ndani yake. Ni Brasília tena, ile ile.

Tofauti ya Byumba na Takatori haiko kwenye karatasi. Iko kwa nani aliichagua. Takatori walikubali, wakainua kwa mikono yao, na walipomaliza shida yao wakawa na kitu cha kumpa mwingine mwenye shida. Hapo mkimbizi wa Vietnam alikuwa mtoaji. Swali la muda au kudumu, nikilikazia macho, naona ni swali la nani ana haki ya kuamua, na ukishaamua, una haki ya kutoa, kuhamisha, hata kubomoa. Turubai letu sisi hatuwezi hata kulibomoa bila barua.

Nimebakiza Paris, maana kila mtu ananiuliza. Notre-Dame iliwaka tarehe 15 Aprili 2019, paa lote la mbao likaanguka na mnara wake mwembamba pamoja nalo. Wasanifu wakatuma michoro ya kila aina, paa la kioo, bustani juu. Serikali ya Ufaransa ikaamua irudi kama ilivyokuwa, na Desemba 2024 ikafunguliwa. Ahadi za michango zilipita euro milioni 800, na wapo Wafaransa walioingia barabarani kuuliza pesa hizo zilikuwa wapi maskini walipoomba. Swali zuri, silijibu hapa. Zamani nilidhani kurudisha kitu vilevile ni woga, ni kujifanya moto haukuwaka. Kilichonibadilisha ni maseremala. Mialoni karibu 2,000 ilikatwa, na kwa sehemu kubwa ya paa lile maboriti yalichongwa kwa shoka la mkono, kama karne ya 13. Vijana walijifunza kushika shoka hilo. Mawe yangeweza kungoja. Mikono inayojua haingoji, inakufa na mwenyewe.

Humu kwetu yuko fundi mwashi aliyejenga shule na zahanati upande ule. Anaweza kupiga tao la mlango kwa macho, bila kipimo. Ana miaka sabini na kitu. Tangu afike hapa kazi yake imekuwa kukaza kamba za turubai. Vijana waliozaliwa kambini hawajawahi kumwona akiweka tofali juu ya tofali; wanadhani anajisifu. Nikiulizwa kura yangu kwenye mgogoro wa zoni, naipeleka upande wa mama, lakini kwa sababu ya huyu mzee. Tukingoja mpaka siku ya kurudi ndipo tujenge, tutarudi na watu wanaojua kufunga kamba. Nimemwambia yule mzee mwenzake, aliyesema habari ya kuzikwa, kwamba hata nyumba ya kwake kule atahitaji mtu wa kuisimamisha. Hakunijibu. Aliuliza tu tao linahitaji tofali ngapi.

Kwa ninyi wa mashirika mtakaosoma hapa: barua ya maombi itawafikia. Imeandikwa "jengo la muda la tofali mbichi", kwa sababu mmoja wetu anajua maneno yanayopita. Mkutano ni Jumapili hii baada ya misa ya pili. Ajenda ni udongo utatoka wapi, nani atakuwa mwanafunzi wa fundi (wamejiandikisha saba, wawili wasichana), na kama mlango uelekee barabarani au uelekee mpakani. Kwenye hilo la mlango bado hatujakubaliana, na naona tutachelewa kula.